Chupa Namba Saba

Dada yangu mpendwa,

Pokea shikamoo yangu, na umfikishie shemeji salamu zangu, nikimwombea kile kikohozi chake cha vumbi la mbao kiwe kimempa nafuu. Watoto hawajambo? Yule binti yako mwenye maswali kuliko mwanasheria, mwambie mama yake mdogo anamkumbuka. Mimi mwilini ni mzima. Nasema mwilini kwa sababu barua hii haina habari njema nyingi, na sitaki kukudanganya kuanzia mstari wa kwanza.

Utashangaa kupata barua, tena ya mkono, kutoka kwa mtu mliyempa jina la Chiriku kwa kuwa hawezi kunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni. Simu ninayo, na ina salio. Lakini kwenye simu ungenikatiza, ungenionea huruma kabla sijafika mwisho, nami ningeipokea huruma hiyo upesi na kuyaacha mengine yaliyobaki. Najijua. Kwa hiyo nakuomba uketi, uisome yote, halafu ndipo uamue kama utanipigia au hutanipigia.

Juzi nilipata ujumbe wako. Uliandika kwamba umesikia kidonda cha mama, pale mguu ulipokatwa, hakijashikana vizuri. Kwamba habari hizo umezipata kwa mke wa kaka kwa pembeni, maana wewe siku hizi hupewi habari moja kwa moja. Na ukaniomba niwaulize wakubwa wangu kazini kama hatuna dawa yoyote ya kusaidia ngozi ifunge. Ukamalizia kwa kusema mimi ndiye msomi wenu. Nimeusoma ujumbe huo mpaka nimeukariri. Watu waliokuondoa kwenye uangalizi wa mama hawajakuomba radhi, wengine hata salamu zako hawaitikii, na wewe bado unahangaika na ngozi yake. Nilishindwa kukujibu kwa mistari miwili, ndiyo sababu naandika.

Niruhusu nirudi kwenye kile kikao sebuleni kwa kaka, ingawa najua hupendi kukikumbuka. Mama alikuwa na siku nne tangu atoke hospitali, mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti. Mjomba alifungua kwa kusema kwamba hakuja kumhukumu mtu, kisha akahukumu kwa saa nzima. Alikuuliza kwa nini ulimwacha mama, mgonjwa wa kisukari, macho yenyewe hayaoni vizuri, ajifunge kidonda mwenyewe tena akiwa amejifungia mlango. Ukasema mama alitaka hivyo, kwamba alianza kuona haya. Mjomba akauliza ni haya gani mama amwonee binti aliyemzaa mwenyewe. Halafu kaka akaitoa kadi ya kliniki, akaipitisha mkono kwa mkono. Wiki sita nzima hazikuwa na muhuri hata mmoja, wakati nesi alishaandika kwamba kidonda kisafishwe kila Jumanne na Ijumaa. Ukasema mama alikuambia wamempa tarehe ya mbali kwa sababu anaendelea vizuri, na kwamba kadi imebaki kliniki. Mwisho wakaja kwenye ile rangi. Daktari wa upasuaji alikikuta kidonda kimepakwa kitu cha zambarau asichokielewa. Ukasema ulidhani ni ile dawa ya zambarau inayouzwa kila duka la dawa, maana ndivyo mama alivyokujibu ulipoona madoa kwenye bendeji za kufua. Mjomba akatikisa kichwa, akasema mtoto wa kwanza akilala, nyumba nzima inaingia mwizi.

Mama alikuwa chumba cha pili, mlango uko wazi, anasikia kila neno. Hakusema kitu.

Nami nilikuwa nimekaa kwenye mkono wa kochi, karibu na dirisha. Kaka alinigeukia akaniuliza mimi mtu wa maabara naonaje. Nikajibu, kwa ile sauti yangu ya watu waliosoma, kwamba kidonda kama kile kikitunzwa hufunga, na kwamba ungeniambia mapema ningekushauri. Uliniangalia, Dada, kisha ukaangalia chini. Wakaamua mama abaki kwa kaka, asirudi tena kwako, na kesho yake ulileta nguo zake. Ulikuwa umezipiga pasi zote, hata gauni la kulalia lililochanika kwapa, na juu yake umepanga dawa zake, ukamweleza mke wa kaka polepole ipi ya asubuhi na ipi ya jioni. Kisha ukaondoka bila kunywa hata maji.

Tangu siku hiyo jina lako katika ukoo ni la mtu aliyemwozesha mama yake mguu. Shikilia hilo, na nivumilie ninapozunguka kidogo, maana lazima nikueleze kazi yangu. Kwa miaka yote nimewaacha mwamini kwamba mimi ni nusu daktari. Mama huwaambia majirani hivyo na sijawahi kumsahihisha. Ukweli ni kwamba mimi ni fundi sanifu wa maabara. Naosha, napima, napiga picha, nahesabu. Anayefikiri ni Profesa, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye akikukuta umeweka kikombe cha chai kwenye meza ya vipimo hatakusemesha siku tatu.

Kazi yetu kwa mwaka huu ni forosadi. Unayakumbuka vizuri, yale matunda meusi yaliyokuwa yakitutia madoa kwenye sare za shule, na mama alikuwa akituchapa kwa ajili ya madoa, si kwa ajili ya wizi. Profesa anataka kujua vilivyomo ndani ya tunda hilo vinafanya nini kwenye seli, zile chembe ndogo zilizoujenga mwili. Kidonda kikitaka kufunga kinahitaji mambo mawili. Seli za ukingoni zitambae kuja katikati, na mishipa midogo ya damu ichipuke kuzifuata, maana bila damu hakuna kinachokua. Lakini uvimbe wa saratani nao hupita njia hiyohiyo. Nao hujiotea mishipa ili upate kula. Kwa hiyo Profesa hutuonya kila siku kwamba kinachochochea na kinachozuia vyote vina mahali pake na vyote vina hatari yake, na kwamba kitu hakiwi dawa kwa sababu tu kimeota juu ya mti.

Tunaotesha seli kwenye visahani vya plastiki mpaka zijae kama mkeka usio na tundu. Kisha mimi nachukua ncha ya mrija wa kupimia na kukwaruza mstari mmoja katikati. Mstari huo ndio kidonda chetu. Tunatia tone la tunachokijaribu, tunapiga picha kwa hadubini kila baada ya saa nne, nami napima pengo limebaki kiasi gani. Dada, ni jambo la ajabu kuliona. Seli ya ukingoni hujinyoosha kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu, halafu hujivuta yote, na ya nyuma yake hufuata. Kwenye visahani vingine tunaweka seli za mishipa ya damu juu ya ute mzito, nazo zikiridhika hushikana zikafanya wavu mdogo. Kazi yangu ni kuhesabu macho ya wavu huo.

Tunda lenyewe tunalisaga, tunaliloweka kwenye spiriti, tunachuja, kisha maji yake tunayapitisha kwenye mrija mrefu wa kioo uliojazwa unga maalumu wa kutenganisha. Kwanza hutoka maji meupe yenye umanjano kwa mbali, yasiyovutia hata kidogo. Ukibadilisha kimiminika cha kusukumia, ndipo hushuka rangi, zambarau nzito, na kila aliyeko chumbani huacha anachofanya akatazama. Tunavikausha vyote viwili. Mwisho wa kazi hiyo tuna mitungi miwili midogo kwenye friza: mmoja una unga uliofifia kama unga wa muhogo, wa pili una unga wa zambarau unaokutia doa la siku mbili ukiugusa.

Sasa kuna utaratibu wa Profesa ambao wageni huuona kama uchawi. Unapofika wakati wa kupima, anaingia peke yake, anafunga mlango, anaukoroga kila unga kwenye chupa za kahawia, anazivika karatasi ya aluminiamu, na anabandika namba tupu. Chupa nyingine ndani yake ni maji tu. Kwenye visahani tunatia kiasi kidogo mno hata rangi haionekani. Orodha inayosema namba ipi ni nini anaifungia kwenye kabati lake, na haifunguliwi mpaka picha zote zimekwisha kupimwa. Alituambia kwamba jicho linalojua linachokitafuta hukiona hata kisipokuwepo. Sisi tulicheka kidogo, naye hakucheka.

Basi nikapima wiki nenda wiki rudi. Chupa namba saba ilikuwa inafanya maajabu. Pengo ambalo kwenye maji matupu lilichukua siku nzima na zaidi, kwenye namba saba lilikuwa limeshazibika nusu kabla ya chakula cha mchana, na wavu wa vijishipa ulikuwa mzima, macho yake madogo na mengi. Namba nne ilikuwa kinyume chake. Seli zilikaa ukingoni kana kwamba zimegoma, na vijishipa vilianza kushikana kisha vikakatika. Hapo kichwa kikaanza kunivimba. Nilikuwa mtu wa kwanza kuiona namba saba ikifanya kazi, na nikajiona naijua kuliko aliyeichanganya.

Nikaamua moyoni kwamba namba saba ni ule unga wa zambarau. Hakuna aliyeniambia. Sikuiona orodha. Lakini nani asiyejua kwamba nguvu ya tunda iko kwenye rangi? Tangu utoto tunaambiwa chekundu kinaongeza damu. Ule mweupe niliuona kama makapi yaliyohifadhiwa kwa ajili ya heshima tu. Sikuona hata haja ya kusubiri.

Wiki mbili baada ya kikao cha kwa kaka, Profesa alituita kwenye kile chumba kidogo cha kunywea chai, akafungua bahasha yenye ile orodha, akaanza kusoma. Alisoma taratibu, namba moja, namba mbili. Alipofika namba nne alisema ni ule wa zambarau. Alipofika namba saba alisema ni ule mweupe. Fundi mitambo alicheka, akasema angeulizwa yeye angeweka mshahara wake juu ya zambarau, na Profesa akamjibu kwamba ndiyo maana hakuulizwa. Wote wakafurahi, kwa sababu kwetu hayo ni matokeo mazuri: tunda moja, vitu viwili, kimoja kinavuta mbele na kingine kinashika breki. Mimi nilitoka nikaenda kwenye sinki, nikaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Dada, ule unga wa zambarau ndio aliokuwa akipaka mama.

Ni mimi niliyempa. Unakumbuka ile Jumapili niliyokuja, kidonda kilipokuwa bado kidogo, pale kiatu kipya kilipomsugua, nawe ukaenda sokoni ukatuacha wawili? Nilikuwa nao mfukoni. Nilichota vijiko viwili vya chai kutoka kwenye friza la kazini, bila ruhusa, nikavichanganya na mafuta ya kujipaka kwenye kichupa cha vidonge. Nikamwambia mama kwamba hiyo ni dawa yetu ya kazini ambayo haijatoka kwa watu, kwamba nimeiona kwa macho yangu ikifunga vidonda, na kwamba lazima iwe siri yetu. Macho yake yalivyong'aa, ungedhani nimemletea mguu mpya.

Yale yote yaliyokushinda kujibu sebuleni, majibu yake yalikuwa yamekaa kwenye mkono wa kochi karibu na dirisha. Haya ya mama haikuwa haya. Mimi ndiye niliyemwambia ajifungie mlango na aseme anaona aibu. Maneno ya tarehe ya mbali nilimsomea kwenye simu, neno kwa neno, kama mwalimu anavyosoma imla, kwa kuwa nilijua nesi akiona ile rangi atauliza, na maswali yake yangefika kazini kwangu. Kadi ilikuwa chini ya godoro lake muda wote huo. Na ulipoona madoa kwenye bendeji, mama alinipigia simu kwa hofu, nami ndiye niliyempa jibu la dawa ya dukani. Kila uongo uliokuangukia una mkono wangu.

Utaniuliza kwa nini nilikuficha wewe, uliyekuwa ukikiosha kidonda kile kila siku kabla mama hajaanza kujifungia mlango. Kazi yangu ningeipoteza, hilo ni kweli, na ndilo nililojiambia. Lakini chini yake kuna lingine baya zaidi. Wewe ndiye uliyejua kila kitu nyumbani kwetu. Homa ya nani ni ya kweli na ya nani ni ya kukwepa shule, dawa ipi na kiasi gani, nani apelekwe hospitali na nani apewe maji alale. Nilitaka mara moja katika maisha yangu niwe mimi niliyejua. Nilishaipanga na siku yenyewe: ningekuja, ningemwambia mama afungue bendeji mbele yako, nawe ungeshika mdomo. Niliiota siku hiyo nikiwa nahesabu macho ya wavu.

Na pale kwenye kikao, niliposema ungeniambia mapema, wala sikuwa nadanganya kwa makusudi. Niliamini. Niliamini dawa yangu inafanya kazi, kwa hiyo kama mguu umeoza basi aliyekosea ni mtu mwingine, na mwingine aliyekuwepo ni wewe. Sisemi hivi ili unipunguzie. Nakuambia ili ujue kwamba niliweza kukutazama usoni nikakusukumia kosa langu bila moyo kwenda mbio. Hata sasa hilo linanitisha kuliko wizi wenyewe.

Siku ya tatu baada ya bahasha kufunguliwa nilikwenda kwa Profesa nikamweleza yote. Alivua miwani, akaiweka mezani. Kisha akaniuliza mama aliacha kwenda kliniki mara ngapi. Nikahesabu, nikamwambia kumi na mbili. Akasema kwamba kisahani si mguu wa mtu. Kwamba kilichotokea kwenye plastiki hakimwambii yeye wala mimi kama unga ule uliharakisha kidonda, ulikichelewesha au haukufanya kitu. Na kwamba nikitaka kujilaumu kwa rangi nitakuwa nimechagua kosa lenye fahari kuliko lingine. Alisema hata ningekuwa nimechukua ule mweupe, bado ningekuwa nimefanya kosa lilelile. Anachokijua yeye ni kwamba mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni alifungiwa mlango na kuondolewa mbele ya nesi mara kumi na mbili, na hilo halihitaji hadubini. Nimesimamishwa kazi wakati jambo langu linaangaliwa. Alipokuwa ananitoa ofisini aliniuliza nani aliyekuwa akimtunza mama. Nilipokutaja, na kumweleza mambo ya kikao, aliniambia nianzie huko.

Kwa hiyo jibu la ujumbe wako ni hili: hapana, Dada, hatuna dawa. Kinachomfaa mama sasa ni maji safi, bendeji safi, sukari yake ipimwe, na nesi akitazame kidonda kila siku iliyoandikwa kwenye kadi. Yaani kinachomfaa ni kile ulichokuwa ukimfanyia kabla sijaja na kichupa changu.

Kuna jambo moja nimesita sana kuliandika, ila nimekuficha ya kutosha. Kabla ya kushika kalamu nilimpigia mama. Nilimwambia kwamba unga ule haukuwa ule niliodhani, na kwamba nitawaambia watu. Swali lake la kwanza lilikuwa kama nitafukuzwa kazi. Nilipomwambia tayari nimesimamishwa, alilia, hakulilia mguu, alililia kazi yangu. Kisha akanisihi niache mambo yalivyo. Alisema mkubwa ni jalala, taka zote hutupwa kwake na yeye hutulia. Kwamba wewe una mgongo mpana na watu watasahau, lakini mimi nikianguka sitainuka, na yeye hatakuwa na mtoto wa kujivunia. Alisema nikithubutu kusema, atawaambia nimechanganyikiwa kwa majonzi, na kwamba hakuna kitu nilichowahi kumpa.

Ndiyo kusema alikusikia ukisulubiwa, yeye akiwa chumba cha pili, na alinyamaza kwa ajili yangu. Nilimpenda mama wakati ule, na papo hapo nikaona aibu kwamba nampenda kwa hilo. Usimchukie. Kama kuna wa kuchukiwa, tafadhali aanze aliyemfundisha kunyamaza. Lakini wewe si jalala, Dada. Hujawahi kuwa, hata sisi wadogo zako tulipokuwa tunakutupia kila kitu.

Nimewaomba kaka na Mjomba tukutane Jumamosi saa nne asubuhi, sebuleni palepale. Sikuwaambia ni kwa ajili ya nini, nimesema tu nina neno kuhusu mguu wa mama. Mjomba alifurahi. Alisema anatumaini hatimaye nimekushawishi uje uombe msamaha. Nilitaka kumjibu nikashindwa, na kushindwa huko ndiko kulikonifanya niandike haya yanayofuata.

Mimi nitakuja na nitasema. Hiyo ndiyo nia yangu leo, nikiwa peke yangu, mlango umefungwa, kalamu mkononi. Lakini unanijua. Nikiingia nikamkuta mama amekaa kwenye kile kiti cha magurudumu, akinitikisia kichwa kwa mbali nisiseme, na Mjomba ananiita msomi, ulimi unaweza kunikauka. Naweza kuanza kuzunguka. Naweza kusema sote tulikosea kidogo kidogo, na hapo nitakuwa nimekuua mara ya pili.

Kwa hiyo nenda kwenye chumba alichokuwa akilala mama. Cherehani yake ipo bado pale kwako. Vuta droo ya kushoto mpaka mwisho, toa makopo ya nyuzi, na nyuma kabisa utakuta soksi iliyofungwa fundo. Mama mwenyewe aliniambia ameificha hapo, alidhani ananituliza. Ndani ya soksi kuna kichupa cha vidonge, na ndani yake kuna mafuta ya zambarau yaliyobaki. Usikioshe wala usikitupe. Juu yake nilibandika karatasi, nikaandika kwa kalamu nene na herufi kubwa ili macho ya mama yaweze kusoma. Mwandiko wangu unaujua, ni wewe uliyenifundisha kushika penseli. Imeandikwa: MARA MBILI KWA SIKU. DADA ASIJUE.

Njoo nacho Jumamosi. Fika kabla yangu, na ukiweke juu ya meza, mbele ya Mjomba, maandishi yakimtazama yeye.

Wasalimie wote nyumbani. Mwambie shemeji afunge kitambaa puani akipiga randa, asifanye ubishi. Sikuombi unijibu, wala sikuombi unisamehe; nakuomba uje tu. Nakutakia siku chache hizi zikupitie kwa amani, nikiwa ni yuleyule wa tumbo moja na wewe,

Mdogo wako,
Chiriku